Nilivyoendesha Kiwanda Kizima Mbele ya Mama Mkwe Mtarajiwa

Jamani, nimeaibika! Mama wa mchumba wangu alitoka Bungu kuja kunikagua kazini, kwenye kiwanda cha chai. Skrini yangu huendesha mtambo mmoja tu wa kukaushia. Mitambo yote huongozwa na msimamizi, kwa kompyuta yake ofisini juu. Lakini kichwa kilinivimba, hata shikamoo nikaisahau.

“Mama, kiwanda kizima nakiendesha hapa.”

“Hebu zima ile inayonguruma.”

Nikabonyeza. Mashine ya kusagia ikanyamaza! “Na ile?” Nikabonyeza, nayo ikanyamaza. Hata mimi nikaanza kuamini.

Ndipo kipaza sauti kikakoroma, msimamizi akichungulia dirishani: “Wewe, acha kupapasa skrini! Mitambo naizima mimi huku, tukale. Shikamoo, mama.”

Mama akainua macho. “Marahaba, baba. Wewe umeoa?”