Kitambaa cha Kufuma Juu ya Mashine

Wanaosema mashine ile iliharibiwa na ukungu wanamtetea shemeji yangu. Mimi nilikuwepo. Aliyeiua ni yeye, mume wa dada yangu, akisaidiwa na fundi aliyetoka Mbeya mjini na bisibisi mfukoni na maneno mengi. Majina yao siwapi heshima ya kuyaandika. Wenyewe wakisoma watajijua.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa. Kiwanda cha chai kilipata mwenye mali mpya, sisi wa kwenye vikaushio tukaambiwa twende nyumbani, na huku mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu, kila kibanda kikawa kinauza kitu kilichokwisha kutumika Ulaya. Shemeji akanunua kompyuta ya namna hiyo, akafungua studio ya video za harusi na misiba. Alimpiga video mke wangu kwenye harusi ya mdogo wangu. Baada ya wiki chache mimi na mke wangu tulipanda lori la ndizi kutoka Mpuguso, na dereva akazima injini mteremkoni ili abane mafuta. Huyo naye namhesabu pamoja nao. Mimi nilitoka na mguu mbovu. Mwenzangu hakutoka. Nyumbani alikuwa ameacha mtoto wa kunyonya.

Basi sauti yake ilibaki ndani ya kompyuta ile tu. Ile kanda ya kamera shemeji alishairekodia harusi nyingine juu yake, kwa ubahili. Nilichotaka ni kimoja, nakala kwenye kanda ya video, mwanangu akikua amsikie mama yake.

Fundi alikuwa ameishika mashine kwa wakati huo. "Bosi, prosesa hii wameifunga kamba huko ilikotoka," alimwambia shemeji. "Mimi naifungua ikimbie." Akaifanya iende kasi kuliko ilivyotengenezwa. Ikikwama, anaiongezea umeme kidogo. Ikiongezewa umeme, inapata moto. Ikipata moto inakwama tena, naye anaongeza tena. Ubavu wa kasha ukaachwa wazi na feni ya mezani ikaelekezwa humo ndani.

Mwezi wa sita Tukuyu watu wanatembea na makoti na ukungu unaingia hadi mvunguni. Lakini chumba kile kilikuwa na joto la chumba cha mgonjwa wa homa. Wateja walikwenda nyuma ya mashine kuota joto.

"Jiko zuri hili, halina moshi," alisema mama mmoja muuza magimbi.

"Mama, hapo unaota harusi ya watu," shemeji akamjibu, wakacheka.

Nakala yangu ilianza vizuri. Ngoma, keki, wazee kwenye viti. Kisha wanawake wa kwetu wakatokea na zawadi, mke wangu mbele. Akageuka, akavuta kanga kujifunika uso, na hapo picha ikaganda. Sauti haikuganda. Ilishika kipande kimoja cha neno na kukirudia bila kuvuta pumzi, nda-nda-nda-nda, mpaka fundi akachomoa waya. Tukarudia. Ikafika palepale. Tukarudia tena.

Nilijua kwa nini alijifunika. Kwetu mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake njiani anajitupa migombani. Siku ile ya harusi baba yangu alikuwa anapita nyuma ya kamera.

"Shemeji, mkeo anaona haya," alisema shemeji. "Anamkwepa mzee mpaka huko aliko."

Sikucheka. Fundi alisema ni moto tu, kwamba prosesa inachukua muda uleule kuchemka, ndiyo maana inakwama palepale. Nilimwamini. Nikamwomba airudishe kwenye mwendo wake wa kuzaliwa na umeme wake wa mwanzo. Akakubali, siku shemeji alipokwenda Kawetele kupiga video ya msiba.

Tulifungua dirisha. Ukungu ukaingia ukatulia juu ya meza. Niliweka kiganja kwenye kasha, lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Picha ilikwenda kwa kusitasita, watu wakacheza kama wanaotembea ndani ya maji, lakini ilikwenda. Ikafika kwenye kanga. Ikapita. Kanga ikashuka kidogo kidogo, nikaliona jicho, halafu shavu, halafu meno. Alikuwa anacheka. Akafungua mdomo, akaanza, "Nda..."

Nje, barazani, baba yangu akakohoa. Alikuwa amekuja kunitafuta.

Mkono kwenye picha ukapanda, kanga ikarudi usoni, na mashine ikaganda. Fundi aligusa chuma pale prosesa ilipo. Ilikuwa baridi.

"Umeme umeshuka," alisema, bila kunitazama. "Mashine ya kusaga ya jirani imewashwa."

Mimi sikusikia mashine ya kusaga. Naye hakuisikia, maana alikusanya bisibisi zake akaenda kunywa chai, na hakurudi siku ile.

Shemeji alirudi mchana akakuta dirisha wazi. "Mnaniulia mtaji wangu kwa umande?" Alikuwa na harusi ya kumaliza. Akairudisha mashine kwenye mbio kama alivyofundishwa, na ili isimkwamie akaipandishia umeme zaidi ya siku zote. Nilimwambia, "Shemeji, itaungua." Akanijibu, "Wewe kakaushe chai." Akafunga dirisha, kisha akafanya tunavyofanya wote huku na kitu cha thamani. Akaufunga ubavu wa kasha na kulifunika lote kwa kitambaa cha dada yangu, kile cha kufuma chenye maua, isije ikapata baridi. Akaenda kula.

Nilikaa barazani na baba. Tuliposikia ile nda-nda-nda niliingia peke yangu, baba hangeweza. Feni za ndani zilikuwa zimesimama. Kitambaa kilikuwa na joto la shuka la mtu aliyeamka sasa hivi. Shemeji alikuwa ameacha kioo kwenye harusi ya watu wengine, lakini kwenye kioo alikuwepo mke wangu, na kanga imefika nusu. Nikavuta kitambaa, harufu ya kuungua ikanipiga, na kioo kikawa cheusi.

Diski ilifungwa Mbeya kwenye mashine nyingine. Harusi ya mdogo wangu ikafunguka yote, hadi wanawake walipotokea na zawadi. Baada ya hapo ni miraba ya rangi tu. Fundi alisema zile mbio zilivuruga pia maandishi ya kwenye diski. Shemeji alisema ni ukungu, na ndilo watu walilolichukua.

Binti yangu ameolewa sasa. Sebuleni kwake runinga imevaa kitambaa cha kufuma, na kila nikifika nakitoa.

"Baba, kitambaa kimekukosea nini?"

"Kinafuga joto."

"Eti mama alikuwa anasema ndaga?"

Ndaga ni asante kwetu, na harusini ndilo neno la kusema. Namjibu kwamba huenda. Zaidi ya hapo sikusikia. Naweka kiganja nyuma ya runinga, nasubiri mpaka ipoe.