Sindano ya Nesi Pelagia

Pelagia alikuwa nesi wa zahanati moja huko Ugalla, wilayani Mpanda. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokusalimia. Siku za kliniki aliwachoma wajawazito sindano ya pepopunda, huku akiwakemea waoga. Jambo moja hawakulijua: yeye mwenyewe hakuwahi kuchomwa.

Miaka hiyo ya tisini uvumi uliingia na abiria wa treni, ukaenea vijijini kama moto wa kiangazi: sindano ile inafunga kizazi. Pelagia alikuwa ameolewa siku nyingi na hajashika mimba. Mumewe Evodi, mrina asali, hakumsema. Mama mkwe alisema kwa niaba ya wote wawili. Basi mbele za watu Pelagia aliucheka uvumi ule, lakini moyoni akajiuliza, "Na kama ni kweli?" Chuoni walimfundisha kuchoma wapi na kiasi gani. Dawa yenyewe ni nini, inafanyaje kazi, walipita juu juu, naye hakuuliza.

Siku moja kwenye foleni alikuwapo Kabula, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia huko na ng'ombe wao. Mimba yake ilikuwa kubwa.

"Sista, na wewe umechomwa?"

"Mjamzito hapa ni mimi au wewe? Lete mkono."

Kabula alimtazama, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Wenzake kadhaa wakamfuata.

Alijifungulia nyumbani. Wiki mbili hazijapita, wakamleta mtoto kwa baiskeli. Kinywa kimekaza, hawezi kunyonya, ukimgusa tu anakakamaa kama upinde. Pelagia alijua kabla hajamfunua. Wakiwa bado wanahangaikia gari la kumpeleka Mpanda mjini, mtoto akakata roho.

Kabula hakupiga yowe. "Ningechomwa, angekuwa hai?"

"Huenda asingeugua kabisa, mayu," Pelagia alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mbona siku ile hukunijibu?"

Pelagia aliinama, akamfunika mtoto uso kwa kanga.

Juma lililofuata alidandia lori la mbao hadi mjini, akaingia ofisini kwa Hilari, mratibu wa chanjo wa wilaya. Hakukaa.

"Kuna nini ndani ya ile chupa? Nijibu kama nesi, tena nesi asiye na mtoto."

Hilari alivuta kiti. Akamweleza polepole: ni sumu ya vijidudu vya pepopunda iliyokwisha kuondolewa makali, ili mwili wa mama uizoee na kutengeneza kinga, na kinga hiyo imfikie mtoto angali tumboni. Kizazi haikigusi. Pelagia alimbana kwa maswali mpaka jua likageuka.

"Manesi wengi wanaogopa kama wewe," Hilari alisema mwishoni. "Ila wakija hapa huniuliza habari ya mafuta ya taa ya friji ya chanjo tu."

Siku ya kliniki Pelagia alikunja mkono wa gauni mbele ya wanawake, akampa sindano Nashon, mganga wa zahanati. Nashon akanong'ona kwa hasira, "Ukijishusha hivi, watatuheshimu lini?"

"Waliponiheshimu, mtoto alikufa. Choma."

Kisha akawageukia. "Kabula aliniuliza, nikamfokea. Sikuwa nimechomwa. Niliogopa kama nyie. Nimekwenda kuuliza, nimeelewa, na leo nachomwa."

Wengine waliguna, wengine wakaondoka. Wachache wakajipanga.

Mimba haikuja. Mama mkwe akapata la kusema kisimani: "Si mnaona? Kajifunga mwenyewe!" Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano, kwa kuwa sasa kila boma aliloingia yalikuwa yamemtangulia. Evodi ndiye aliyemkata mamaye kauli: "Mama, kabla ya sindano alikuwa amezaa wangapi?"

Pelagia hakuacha. Alifunga kisanduku cha barafu nyuma ya baiskeli, akapita boma kwa boma, na alipoulizwa hakukwepa tena. "Nilikuwa sijazaa kabla, na sijazaa baada. Sindano haikunipa mtoto wala haikuninyima. Ila wa kwako itamlinda." Kuna walikomfungulia mbwa. Mwezi uliofuata alirudi palepale.

Mavuno ya pili yalipopita, Kabula aliingia zahanati, tumbo limeanza kuonekana. Hakuketi kwenye benchi. Alinyoosha mkono.

"Choma, sista."

Akarudi kwa sindano ya pili bila kukumbushwa. Mtoto akazaliwa, akanyonya, akanenepa mpaka bibi yake akalalamika kwamba anamvunja mgongo. Tangu hapo Kabula akawa anafuatana na Pelagia mabomani. Yeye ndiye aliyeongea, kwa Kisukuma, akiwasimulia wanawake wenzake jinsi mtoto wake wa mwanzo alivyokaza kinywa. Pelagia alishika maneno machache tu. Alisimama kando ya baiskeli akingoja, na Kabula aliponyamaza, akafungua kisanduku.