Safari ya Kilwa, kwa Yaya Asiyeogopa Moto

Mnaonijua hapa Élisabethville mnajua ya kwamba mimi sitoki mjini ovyo. Nina busheri yangu ya nyama pale site, mtaa wetu watu weusi, na niliijenga mwenyewe. Nilianza kwa kuosha damu chini katika duka la Mzungu, nikiwa na madarasa mawili tu kichwani. Leo kisu changu kinatenganisha paja la mbuzi kabla hujamaliza Baba Yetu. Kwa hiyo mwaka ule mliponiona nimefunga mlango juma zima, mkasema Donati amefilisika, au ameoa wa pili. Hapana. Nilikwenda Kilwa, ile ya Ziwa Mweru, kumchukua dada yangu, na nitawaeleza tangu mwanzo.

Dada yangu ni Yaya Anjelina; yaya kwetu ni dada mkubwa. Mama yetu alipokufa mimi nilikuwa bado natambaa, na yeye ndiye aliyenifunga mgongoni, akanitafunia muhogo, akanipeleka kwa mapadri nikajue kusoma. Ana sifa moja iliyojulikana kando yote ya Ziwa Mweru: alikuwa akiondoa chungu motoni kwa mikono mitupu, bila kitambaa, bila majani, na bila haraka. Sifa hiyo mimi niliibeba mpaka mjini. Kila Jumamosi watu wakijipanga mbele ya meza yangu, nilikuwa nawapigia hadithi ya Yaya wangu mwenye mikono ya chuma.

Jumamosi moja Piusi, dereva wa kamiyo ya samaki, alitoka kule na habari mpya. Yaya alikuwa amempelekea jirani kaa la moto la kuwashia kiko. Akasimama kuongea naye, kaa likiwa kiganjani, mpaka watu wakasikia harufu. Wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Mtu mmoja hakucheka. Huyo ni Ngoie, infirmier, yaani muuguzi, mtu wa Mitwaba, mpole, mpenda maini.

"Donati," akasema, "yaya yako iko na miaka ngapi hasikie moto?"

"Tangu zamani. Ni nguvu ya jamaa yetu. Ata miye niko nayo."

"Ile haiko nguvu. Ngoja bantu baishe, minakuonyesha kitu."

Foleni ilipokwisha, akavuta paja la mbuzi katikati ya meza yangu, akaanza kunifundisha nyama. Mimi, fundi, nikafundishwa nyama na mtu ambaye nyumbani kwake mke ndiye anayekata kuku. Nilivumilia kwa sababu alikuwa mnunuzi wa kila juma.

Alisema mwili wa mtu, kama wa mbuzi huyu, umejengwa kwa tishu za aina nne, na kila tishu ina kazi yake. Akaanza juu. Pale ngozi inapokutana na upepo kuna tishu ya kufunika. Inazuia uchafu usiingie na maji ya mwili yasitoke. Tishu ya namna hiyo imetandazwa ndani ya mdomo pia, na ndani ya matumbo, ambako inanyonya chakula. Chini yake akanionyesha tishu ya kuunganisha: mafuta, kano, mfupa, hata damu yenyewe. Hizo ndizo zinazoshika, zinazobeba na kusafirisha, na bila hizo mtu angemwagika chini kama uji. Halafu akapiga kofi nyama nyekundu. Tishu ya misuli, kazi yake kujikaza na kulegea, ndipo mwili unasogea.

"Ile najua," nikamwambia. "Minaiuzaka kila siku."

"Bon. Na hii?"

Akapenyeza ncha ya kisu changu katikati ya misuli, akanyanyua uzi mweupe, mnene kama kamba ya kiatu.

"Kano," nikasema. "Natupiaka imbwa."

"Kano njo hii ingine, inang'aa, inafunga musuli ku mufupa. Ile uzi ni neva. Tishu ya neva, ya ine. Inabeba habari ya moto, ya baridi, ya mwiba, inapeleka ku bongo. Bongo inarudisha amri, musuli unakunja mukono. Donati, miaka yote unatupia imbwa kitu yenye inatuambia tunaungua."

Akaweka kisu chini. Akasema, kwa sauti ya kuzungumza na mimi tu, ya kwamba neva za mikono ya Yaya zinakufa, na yeye anaogopa ni ukoma.

Nilimwambia atoke. Alitoka, lakini kwanza alisema yote aliyotaka. Niangalie nyuma ya kiwiko, pale neva inapopita karibu na ngozi. Kama imekuwa nene, nitajua. Nimfunge macho, nimpapase kwa unyoya wa kuku. Kidonge kipya kimefika, kinasimamisha ugonjwa, na kama ni ukoma wa namna anayoifikiri, haurukii wengine. Vidole vilivyokwisha kujikunja havirudi. Vilivyobaki vinaweza kuokoka, hata kuanza kusikia tena, kama hatutachelewa.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Bula Matari, serikali ya Wazungu, kuomba karatasi ya njia, maana bila karatasi hiyo mtu mweusi hatoki mjini. Jumatano nikapanda kamiyo ya Piusi, inayorudi Kasenga na mabonge ya barafu ya kuhifadhia samaki, yamefunikwa kwa unga wa mbao. Nilivaa suti na viatu vyangu vya rangi mbili, nyeupe na kahawia, kwa sababu mtu wa Kilwa aliyefaulu mjini hafiki kwao kama mchuuzi wa mkaa. Nafasi ya mbele ilikuwa imeshikwa na sista mmoja mgonjwa, nikakaa juu, mgongo kwenye barafu, uso kwenye jua.

Njiani, tangu mjini mpaka saa sita mchana, nilifanya kazi moja tu, kuukagua mwili wangu. Ngoie alisema misuli iko ya namna tatu, nami nikaiona yote katika mashimo ya barabara ile. Ya mikono ilinitii, nikiiambia shika kamba inashika. Ya tumbo haikuniuliza, ilirudisha muhogo wa asubuhi wote. Na ya moyo iliendelea tu kupiga, kama ilivyokuwa ikipiga tangu Yaya aliponibeba mgongoni. Ngozi ilitoa jasho. Mifupa ilishika. Nikajisifu kidogo, mwili mzima ukifanya kazi vizuri hivi katika umri wangu.

Karibu na Kasenga gari likasimama kupoza injini. Piusi akanitazama kutoka chini.

"Mukubwa, kiatu ingine iko wapi?"

Nikaangalia. Mguu wa kushoto ulikuwa unaning'inia nje ya ubao, na soksi tupu. Nilikuwa nimeukalia vibaya, ubao umebana nyuma ya goti tangu saa ngapi sijui, na kiatu kimeanguka njiani bila mimi kujua. Nilibonyeza kidole gumba. Ilikuwa kama kubonyeza kidole cha mtu mwingine.

"Haukusikia?" Piusi akauliza.

"Sikusikia."

Akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Mimi nilikaa na mguu ule mikononi. Taratibu wadudu wakaanza kutembea ndani yake, halafu sindano, halafu maumivu ya kweli, na nilifurahi nayo. Uzi wangu ulibanwa kidogo tu, ukaamka. Mbele ya meza yangu nilikuwa nimechekesha watu miaka mingi kwa uzi ambao hauamki.

Kasenga tulifika jua likiwa bado juu. Wanawake wa samaki waliniita bwana wa kiatu kimoja, wakaniuliza kama mjini siku hizi viatu vinauzwa kwa nusu. Niliwajibu ya kwamba kingine kinakuja na gari la nyuma. Kesho yake nikapanda boti, tukashuka mto Luapula hadi ziwani, kati ya matete na ndege weupe, na marundo ya nyavu miguuni petu. Kwa kawaida mimi katika boti ndiye msemaji. Safari hii abiria mmoja aliposema, "Huyu njo ndugu ya Anjelina wa chungu," niliangalia maji.

Kilwa, mchana wa siku ya tatu, Yaya alikuwa ananingoja mbele ya nyumba. Akapiga magoti, akapiga makofi polepole, kama desturi yetu kwa mgeni wa heshima. Nami nikapiga magoti, suti na yote, nikapiga makofi kwa ajili yake. Alitazama soksi yangu.

"Donati wangu. Umekuwa tajiri ya mbali, unatupa viatu njiani?"

"Yaya, hiki kingine nimekuletea weye."

Alicheka sana. Amekuwa mwembamba, lakini kicheko ni kile kile. Ndipo jirani yake, Mama Kalunga, akaja na wenzake, na mimi nilijua wamekuja kwa nini. Kila nilipokuja zamani niliita watu waje waone. Mimi ndiye niliyeifanya iwe mchezo. Chungu cha maji ya bukari, ugali wetu, kilikuwa kinachemka juu ya mafiga matatu.

"Anjelina, muonyeshe ndugu yako," Mama Kalunga akasema. "Amesafiri mbali."

Yaya akainama, akaweka viganja viwili pande mbili za chungu, akakinyanyua, akanigeukia nacho akitabasamu, akangoja. Alikuwa ananingojea mimi nipige makofi. Sikuweza. Nilivua koti langu la suti, nikafunga mikono yangu nalo, nikakipokea kile chungu kutoka kwake na kukiweka chini. Koti liliungua palepale.

"Unafanya nini?" akauliza. "Unaharibisha nguo."

"Kesho nitanunua ingine. Bamama, mutuachie kidogo."

Watu walipoondoka, tulikaa nyuma ya nyumba. Niliokota unyoya kati ya kuku wake. Nikamwomba afunge macho, aniambie kila nikimgusa. Nikapapasa shavu. "Hapa." Nikapapasa shingo. "Hapa, unanichekesha." Nikapapasa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kimekwisha kujikunja. Kimya. Kiganja, kimya. Ngozi ya mkono ilikuwa na baka lililopauka, halina jasho. Nikashika nyuma ya kiwiko, na vidole vyangu, ambavyo vimeshika mbuzi wengi, vikaujua uzi ule mara moja. Ulikuwa mnene kama kamba ya ndoo.

"Umeanza?" akauliza, macho bado amefunga.

"Nimemaliza, Yaya."

Alifungua macho. Hakushangaa. Aliangalia mikono yake kama mtu anayeangalia watoto waliokosa.

"Miye najua," akasema. "Siku ingine nilikuta damu mu bukari, nikauliza bantu, ni damu ya nani. Ilikuwa ya miye."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Weye ulikuwa unaandika mu barua: nisalimie mikono ya chuma. Barua yote unaandika vile. Nikasema, mutoto anafurahi. Namuharibishia juu ya nini?"

  Nilimwambia habari ya Ngoie na kidonge, na kwamba tunaondoka pamoja na boti ya kwanza.

"Siendi. Bataniweka fasi ya bakoma. Nitakula peke yangu."

"Sasa unakula na nani?"

Akaangalia kinu. Ndipo nikaona sahani yake, ya bati, imefichwa nyuma ya kinu, mbali na zote. Mwaka mzima, akakiri, alikuwa anapikia majirani, akiwaambia yeye amekwisha kula. Nikaenda nikaichukua. Nikapakua bukari ndani yake, na samaki, nikaiweka katikati mbele ya nyumba, mahali Mama Kalunga na wenzake wanaona vizuri. Nikanawa, nikamega, nikala. Kisha nikamngoja. Nilikula tonge tatu peke yangu. La nne tulichovya pamoja.

"Bukari yako iko na chumvi mingi," nikamwambia.

"Weye njo unalia mu sahani," akasema.

Jumapili, baada ya misa, tukapanda boti. Alibeba nguo zake na kuku mmoja. Kule Kasenga, kamiyoni, Piusi alimpa nafasi ya mbele, na alipokwisha kujua sababu, hakupiga tena hadithi ya kaa. Mahali fulani njiani alipiga breki, akashuka, akarudi na kiatu changu, kimeliwa na jua, kimepasuka. Yaya alikishika mapajani mpaka mjini.

Tangu siku hiyo mvua zimekuja mara mbili. Ngoie anampa kidonge cheupe, na mimi nampa Ngoie maini, yeye anataka kulipa, nami nakataa kwa kelele ili foleni yote isikie. Vidole viwili vya kushoto havikunyooka, kama alivyosema. Ugonjwa haukusogea tena. Koti lile lililoungua nililikata vipande viwili, mshonaji akaviwekea pamba, na kwa vipande hivyo Yaya anashika kila chungu. Kila jioni anakagua mikono yake kwa macho, kwa sababu macho yamechukua kazi ya neva. Mimi sasa nikipasua paja, nakutana na ule uzi mweupe, siutupii mbwa. Nauonyesha wateja, nawaeleza tishu zote nne, na nawaeleza vizuri kuliko Ngoie, muulizeni mwenyewe.

Juma lililopita asubuhi nilikuwa nanoa kisu, nikasikia kikombe kimeanguka jikoni. Nikakimbia. Yaya alikuwa amesimama juu ya chai iliyomwagika, anapuliza kidole gumba cha mkono wa kulia.

"Iko moto," akaniambia, kwa hasira. "Ni nani aliweka hii chai moto vile?"

"Ni miye, Yaya. Unisamehe."

Kwa hiyo Jumamosi mkija kwa nyama, msiniombe tena hadithi ya mikono ya chuma. Nina nyingine, na sijui mjini hapa nani ana dada wa kumshinda. Yaya wangu anaogopa moto.