Lori Lililopiga Mluzi

Wiki iliyopita, katika gereji moja hapa Bariadi, fundi alinifunulia injini yenye supachaja, pampu ya kuisukumia hewa. "Hii inazungushwa na mkanda wa injini," alisema. "Ukikanyaga mafuta tu, gari linaruka. Turbo inangoja moshi uizungushe, ndipo inapiga mluzi." Nikalisikia tena lori la baba mdogo, alasiri ile ya utotoni kule Dutwa.

Uani kulinuka pamba na dizeli. Mama alikuwa akitetemeka kwa homa, na gari la kumfikisha hospitali lilikuwa lile lori tu. Bibi alisimama kwenye mlango wa lori, akatuzuia.

"Kitu gani hicho kinachopiga mluzi ndani ya chuma?"

"Mayu, ni turbo," baba mdogo alimjibu mama yake. "Inakula moshi wa injini."

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Niliwajua wanyama wengi, lakini hakuna aliyekula moshi. Nikawa na hakika kwamba humo ndani mna nyoka, na kwamba baba mdogo anamlisha kwa siri.

Mama akapiga kite. Bibi alimtazama, kisha akapanda yeye kwanza, akakaa kiti cha katikati, kilichokuwa juu ya injini.

"Kama kitatoka," alisema, "kianze na mimi."

Njia nzima alimkumbatia mama, na kila mluzi ulipopanda, alizidi kumshika kwa nguvu.

Mama alipona. Siku ya kurudi nyumbani, baba mdogo alikuja hospitali na lori kutuchukua. Bibi alimshukuru sana, akatuaga, akaenda kupanda basi.