Televisheni Bubu

Televisheni yetu ilikufa sauti kabla ya kufa picha. Ilikuwa ile ya zamani ya miguu minne na milango miwili ya mbao. Tuliinunua mwaka ambao stima ilifika kwetu Wamagana, na mume wangu akaileta kutoka Nyeri mjini ameifunga blanketi kama mgonjwa. Ukiiwasha, ulikuwa na muda wa kuosha vikombe vyote kabla haijapata nguvu ya kuonyesha kitu. Fundi wa mjini aliifungua mgongo, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. Ati spea zake hazitengenezwi tena.

“Mwalimu, hii imezeeka,” akaniambia.

Hata mimi nilikuwa nimezeeka siku hiyo, kwa kusimama darasani tangu asubuhi, lakini hakuna aliyeniulizia spea.

Nyumbani tulikuwa mimi, watoto wangu watatu na mama mkwe wangu, ambaye hata mimi nilimwita cucu, kama watoto walivyomwita bibi yao. Mume wangu alikuwa mpishi kwenye hoteli moja Nanyuki na alikuja mwisho wa mwezi. Macho ya cucu yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli vikipitapita tu. Kiswahili hakujua, na Kiingereza ndiyo kabisa. Kwa hivyo kila jioni, tangu televisheni iingie nyumba ile, aliketi kando yangu, goti kwa goti, akiniuliza kwa Kikuyu, “Anasema nini?”

Jamani, swali hilo! Nimetoka kufundisha, nimekama ng'ombe, nimemkatakatia majani ya nepia, nimewasha moto ukakataa kuwaka, nimepika, nimepakua, nimegombana na watoto kuhusu kuosha miguu. Ndipo naketi, na kabla kiti hakijapata joto, naulizwa waziri anasema nini. Kuna siku nilijibu, “Anasema kesho ni Jumatano,” ili mradi niachwe.

Kwa hivyo sauti ilipokufa, nitasema ukweli, nilifurahi. Cucu naye hakuona tofauti.

“Anasema nini?”

“Cucu, imeharibika. Haina sauti.”

“Lakini watu si wako? Si wanatembea?”

“Wanatembea.”

“Basi wanatembea wakisema nini?”

Utamjibu nini mtu kama huyo? Jumamosi jioni kulikuwa na mchezo wa kuigiza, na ndani yake mwanamke mmoja mwenye kilemba aliyekuwa akiingia na kutoka mlangoni kila mara. Nikaanza kumpa maneno. Watoto walijua natunga, wakacheka ndani ya mikono ya sweta mpaka nikawatolea macho. Baadaye hadithi iliwanogea, wakanyamaza wenyewe.

Sikuwa na nguvu ya kutunga mambo ya mbali, nikachukua yaliyokuwa karibu. Mwanamke yule akawa na mume anayefanya kazi mji mwingine, anayekuja na sukari na hadithi za wageni wa hoteli. Akawa na ng'ombe anayepiga ndoo teke maziwa yakishajaa. Mgongo ukawa unamuuma upande wa kushoto. Siku moja nilimfanya alie peke yake ghalani, na sijui kwa nini nilimpeleka ghalani.

“Hana mtu wa kumsaidia?” cucu akauliza.

“Hana.”

“Mm,” akasema, akavuta leso mabegani.

Ilikuwa karibu na wakati huo nilipoanza kukuta vyombo vimeoshwa nikirudi shuleni, na mahindi yamepukuchuliwa. Nikampongeza binti yangu mkubwa mbele ya wenzake. Mjanja yule, alizipokea pongezi zote.

Kisha mume wangu akaja mwisho wa mwezi, Jumamosi, na televisheni ndani ya gari la kuazima. Ilikuwa ya rangi. Mzungu mmoja, mwanajeshi, alikuwa anarudi kwao na kuuza vitu vya nyumba, na alimwachia aijaribu mpaka kesho yake. Jumapili alasiri, ama ibaki, ama irudi Nanyuki. Alimweleza mama yake kwanza, kwa heshima, kofia mkononi.

“Hii mko nayo ina shida gani?” cucu akauliza.

“Mama, haisemi!”

“Mimi naisikia.”

Mume wangu alicheka mpaka akajipangusa macho. Mimi sikucheka. Niliitaka ile mpya kwa moyo wangu wote. Nilitaka kitu kinachojisemea chenyewe, nami niketi mdomo umefungwa, niangalie majani ya kijani na nguo nyekundu hadi usingizi unichukue. Lakini nilijua pia, na ilinikera kujua, kwamba ile jioni mbele ya televisheni bubu ndiyo saa pekee niliyozungumza na mama yule. Asubuhi nilikuwa mbio. Jioni jikoni nilikuwa sauti ya kuamrisha tu. Hii mpya ikibaki, nani atamwambia neno?

Tuliiweka juu ya ile ya zamani, maana hapakuwa na meza nyingine ya kuibeba. Kijana wa jirani akazungusha mlingoti wa antena nje, sisi tukipiga kelele, “Hapo! Umepita! Rudi!” Mchezo ukaanza, ukiwa na sauti zake.

Ole wangu. Mwanamke wa kilemba hakuwa mke wa mtu. Alikuwa tajiri wa duka, mwenye sauti nene ya kugombeza, na yule niliyemfanya mume alikuwa karani wake. Watoto wakanigeukia, wakarudisha macho haraka.

Cucu alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. “Anasema nini?” akauliza.

“Ngoja, cucu!” watoto wakasema pamoja.

“Mama, ngoja kidogo,” mume wangu akasema, bila kugeuka. “Hapa ni patamu.”

Nami nikaendelea kuangalia zile rangi. Nilikuwa nimechoka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenihitaji niseme.  Cucu akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akatoka.

Jiko letu lilikuwa kijumba cha peke yake ng'ambo ya ua, na ua una mawe. Nikamfuata nikinung'unika. Nilimkuta kando ya moto, karai la maji mbele yake, anaosha sufuria ya jioni kwa kupapasa, akipitisha kidole kwenye ukingo kuhakikisha imetakata.

“Kumbe ni wewe,” nikasema.

“Ulidhani ni nani?” Akaisuuza sufuria, akaifudikiza chini. “Mwarimu,” akaniita kwa matamshi yake ya Kikuyu, “yule mwanamke wako anaendeleaje siku hizi?”

“Cucu, yule wa televisheni...”

“Wa televisheni nimemsikia leo. Ana sauti kama ya mwanamume. Nakuuliza yule wako.”

 Nilitafuta kitu cha kutunga, nisikipate.

“Amechoka, cucu.”

“Sana?”

“Sana.”

Akafuta mikono kwa leso. Akatafuta kigoda kwa mguu, akakisukuma polepole mpaka kikagonga muundi wangu.

“Basi mwambie aketi.”

Niliketi. Machozi yakanitoka na sikuyafuta, kwa kuwa hakuna aliyeyaona. Mume wangu akapaza sauti kutoka ile nyumba kubwa, “Mwalimu! Kwa hivyo tumekubaliana? Ibaki ama irudi?”

Nilifungua mdomo, lakini cucu alinitangulia.

“Ibaki!” akaita. “Iwashike nyinyi huko huko!”

Kisha akasogeza goti lake likagusa langu, akaningoja niseme.