Mkono wa Kushoto wa Mume Wangu

Jumatano hiyo nilikuwa jikoni nikimenya viazi, mume wangu akaingia na kuniambia giaboksi ya gari yangu imeisha. Alisema hivyo huku akifunua sufuria kuangalia kama kuna nyama.

"Nani amesema imeisha?"

"Mimi ndiyo nimesema. Inashtuka, Mama Watoto. Inapiga gdum! mpaka kofia inanitoka. Nimepata mtu wa kuinunua hivyo hivyo ilivyo, anakuja Jumamosi."

Mungu wangu! Niliweka kisu chini kabla sijajikata.

Hiyo gari niliipenda kwa sababu moja. Mama yangu anakaa Kapseret, na nyonga yake haitaki tena kusikia habari ya boda boda. Mimi nilijifunza kuendesha nikiwa tayari nyanya, nikajinunulia kagari kadogo ka otomatiki kalikotoka Japani, na kila Jumapili namchukua mama nampeleka kanisani. Bila gari, mama anabaki na redio na kuku wake, na wiki nzima haoni mtu wa kucheka naye.

Mume wangu naye ni dereva wa lori aliyestaafu. Alianza na malori nywele zikiwa nyeusi, na kwake gari isiyo na klachi ni mchezo wa watoto. Hata hivyo haoni aibu kuichukua kila siku akienda zake mjini.

Sikubishana naye. Mimi ni muuguzi mstaafu, na wodini hatukuwa tunamtangaza mtu amekufa kabla hatujampima.

Alhamisi asubuhi, baridi ya Eldoret ikiwa bado inauma vidole, nilifungua boneti hapo nyumbani kwetu Munyaka. Nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili ilikuwa imepanda kupita alama zote, nikadhani imeingia maji. Jamani, nilitaka kulia. Nikamwona mama yangu akilini, amekaa na redio yake.

Nikaenda kutoa kitabu cha gari. Chote ni Kijapani, sijui hata kimeanzia mbele au nyuma, lakini kina picha. Picha moja ilionyesha injini ikiwa inanguruma, na kando yake kipimajoto. Nilijipiga kofi kwa paji la uso. Kumbe hii oili hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma, na mimi nimeipima baridi, imezimwa, kama oili ya injini! Muuguzi mzima!

Basi nikazunguka mtaani mpaka injini ikapata joto, nikasimama mahali tambarare, nikakanyaga breki, nikapitisha gia zote polepole moja baada ya nyingine na kurudi kwa P, ile ya kuegesha. Kila moja ilishika vizuri bila kusitasita. Injini ikiwa bado inanguruma, nikachomoa kijiti, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakitoa tena. Oili ilikuwa mahali pake. Nikadondosha tone moja kwa leso nyeupe: nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Na huko mtaani kote gari haikuwa imeshtuka hata mara moja.

"Wewe unaendesha kama umebeba mayai," mume wangu akasema nilipomwonyesha leso. "Itashtukaje?"

Nikachukua daftari, nikamkalisha kama mgonjwa wa kliniki.

"Inashtuka wakati gani, Mzee? Asubuhi na baridi?"

"Wakati wowote."

"Ukipanda mlima ama ukiteremka?"

"Nikimaliza kuteremka," akasema. Nikaandika hilo na kulipigia mstari.

Ijumaa nikamwambia anipeleke Kapseret kwa mama. Nilikaa kushoto kwake na chupa ya chai mapajani, macho yangu yote kwa ule mkono wake wa gia. Kwenye tambarare gari ilienda vizuri kabisa. Tukafika mteremko. Mkono ukatoka wenyewe, yeye akiwa anaangalia mbele, ukasukuma gia mpaka N, ile ya kuiacha gari ijiendee bila kuvutwa na injini, madereva wetu wanaita fri. Gari ikateleza kimya kimya. Tulipofika chini akakanyaga mafuta, mkono ukairudisha kwa D, gia ikashika kwa ghafla. Gdum! Meno yangu yaligongana.

"Umesikia?" akasema, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nimesikia, na nimeona. Umeweka fri."

"Nani? Mimi?"

"Wewe! Kwa mkono huo!"

Aliuangalia ule mkono kama vile ni wa mtu mwingine. Madereva wa lori wa rika lake wote waliteremka na fri ili kuokoa mafuta, na mkono wake hakuna aliyeuambia kwamba kazi imeisha. Nilicheka, nikacheka mpaka chai ikamwagika. Yeye akakasirika, akasimamisha gari kando ya barabara.

"Cheka tu," akasema. "Miaka yote hiyo huu mkono umekuwa na kazi. Sasa unataka niuweke wapi?"

Alitaka kugomba, lakini sauti ilimshuka. Nikaacha kucheka. Siku zote nilidhani anaichukia gari yangu, kumbe mwanamume wa watu anakosa kazi yake. Nilimhurumia, na haki ya Mungu, nilimpenda sana pale kando ya barabara.

"Lete hapa," nikamwambia, nikaushika.

"Watu watatuona."

"Wacha waone."

Kwenye mteremko uliofuata nilisikia vidole vikicheza, vinataka kwenda. Nikavibana. Gari ikashuka, ikapanda, haikusema kitu.

Jumamosi yule mnunuzi alifika. Mume wangu alimsimamisha getini, akamwambia gari imepona, na hakumweleza ugonjwa ulikuwa nini.

Jumapili aliomba yeye mwenyewe kuendesha. Tulimchukua mama, akakaa nyuma na kitambaa chake kipya kichwani. Tukashuka mteremko na kuumaliza, mama bado anachungulia katikati ya viti.

"Nyinyi mmeanza lini kushikana mikono?"

"Ni dawa ya giaboksi, Mama," mume wangu akajibu.

Tulikuwa tumeshafika tambarare, gia haina haja ya mtu. Nikalegeza vidole ili nimwachie. Yeye hakuniachia.