Ng'ombe wa Paskalina: Kutoka Maisaka hadi Bashanet na Kurudi

Niliondoka Babati kwa sababu mke wangu alikuwa amejifungua wiki mbili kabla ya Krismasi, na maziwa hayakumtoka ya kutosha. Hiyo ni miaka ile ambayo ninyi wenzangu mnaikumbuka bila kukumbushwa: sukari ya foleni, sabuni ya foleni, unga wa njano wa foleni. Mimi ni fundi cherehani. Desemba ya kawaida hapa Maisaka, mtaani kwetu mjini Babati, ningekuwa sina hata nafasi ya kujikuna kwa nguo za watoto, lakini mwaka ule hapakuwa na kitambaa wala uzi, na mashine yangu ikawa meza ya kuwekea sufuria. Chakula tulichopata tuligawana wanne, na kichanga alilia mchana kutwa.

Ndipo tukakata shauri. Paskalina, wa miaka saba, na mdogo wake Damiano, wa miaka minne, niwapeleke kwa bibi yao mzaa mama huko Bashanet, wakae hadi mavuno, ili kile kidogo kilichopo mama yao ashibe, naye kichanga anyonye. Mke wangu alikubali, ila aliposimama mlangoni kutuaga alisema, "Baba Paskalina, Krismasi bila watoto ni Jumapili tu." Nikamshika Damiano mkono, tukaondoka. Mwanaume kupeleka watoto wake wakalishwe na mkwe si jambo la kujisifia, nami ni mtu ninayependa kujisifia.

Jumatatu asubuhi tulibahatika kupata lori lililokuwa limepata dizeli, linakwenda Dareda kufuata mahindi. Tulikaa juu ya magunia matupu. Damiano aliuliza jina la kila kilima, na nilipoishiwa majina nikaanza kuyatunga. Saa nne tulishushwa Dareda, tukaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa miguu. Damiano nilimbeba mabegani. Paskalina alipanda mwenyewe, na kila nilipomwambia tupumzike aliniuliza kama nimechoka mimi au amechoka yeye.

Jioni tulifika Bashanet katika ukungu na baridi. Mama mkwe alitoka zizini akijifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzazi hajambo?"

"Hajambo kidogo, mama. Maziwa ndiyo shida."

Alitupa viazi vitamu na maziwa ya mgando, watoto wakala mpaka matumbo yakawa magumu. Nilimweleza nilichokijia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamshika Paskalina mkono, akaenda naye kukamua. Kwangu hakusema neno.

Jumanne na Jumatano zilipita hivyo hivyo. Mimi nilitia viraka nguo zote za nyumba ile kwa mkono, na Paskalina alikuwa nyuma ya bibi yake kutwa, asubuhi zizini, jioni zizini. Niliwaona watoto wangu wanang'aa mashavu, nikafurahi na kuumia kwa pamoja.

Jumatano jioni mama mkwe alivunja kimya chake. "Watoto wakibaki, mimi nitafurahi. Lakini aliyezaa atakunywa nini? Hawa wakishiba huku, yule kule bado ana njaa."

Alisema kweli.

"Nina ng'ombe mwenye ndama," akaendelea. "Ningewapa mwende naye, maziwa yenu, ng'ombe wangu. Ndivyo tunavyosaidiana huku. Lakini nani atamkamua? Mzazi bado hajapata nguvu."

"Mimi, mama," nikasema. "Si kazi ngumu."

Ndugu wasomaji, nilikuwa sijawahi kushika chuchu ya ng'ombe maishani mwangu. Nilikulia mjini, na maziwa nimeyajua kwenye kikombe. Lakini nilikwisha kuona njia ya kurudi na watoto wangu, na ulimi ukatangulia.

"Kesho asubuhi tutaona," akasema mama mkwe. "Na ukishindwa, watoto wanabaki."

Alhamisi alfajiri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nilipewa kibuyu. Ng'ombe mwekundu alifungwa miguu ya nyuma, ndama akaachiwa anyonye kidogo, kisha akavutwa pembeni. Nilichuchumaa kwa madaha yote ya fundi anayejua kazi yake. Nikavuta. Hakuna. Nikavuta kwa nguvu, na ng'ombe akaruka na kamba zake, akanipiga bega, nikaanguka chali kwenye samadi. Matone mawili matatu yaliyokuwa yamedondoka kibuyuni yakamwagika. Mama mkwe aligeuka upande kwa heshima asinicheke usoni, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Aibu niliyoisikia haikuwa ya samadi. Nilikuwa nimewapoteza watoto wangu kwa Krismasi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Paskalina aliokota kibuyu, akakisuuza. Alimpapasa ng'ombe ubavuni, akamsemesha polepole kwa Kiiraqw cha bibi yake, akapachika kibuyu katikati ya magoti na kuanza kwa mikono miwili. Maziwa yakalia kibuyuni. Mikono yake ilikuwa midogo, akapumzika mara tatu, lakini hakuacha mpaka chuchu zikalegea.

Mama mkwe alikitazama kibuyu, akamtazama mjukuu wake. "Huyu ng'ombe simpi baba yako," akamwambia. "Nakupa wewe umtunze. Maziwa ya kwanza ni ya mama yako, kila siku. Nendeni wote."

Asubuhi ile ile tuliteremka, mimi nimemshika ng'ombe kamba, Damiano akimfukuza ndama, Paskalina nyuma na fimbo. Penye mawe makali nilimbeba ndama, na Damiano akalalamika kwamba safari hii yeye hakubebwa. Jioni tulipokelewa Dareda na mteja wangu wa zamani, mfugaji.

"Fundi!" akacheka. "Suruali zimekushinda, sasa unashona ng'ombe?"

Lakini jioni ile watoto wake walikunywa maziwa yaliyokamuliwa na binti yangu. Mgeni akamnywesha mfugaji nyumbani kwake! Mwenye nyumba alitikisa kichwa, akamwongezea Paskalina nyama.

Ijumaa, mkesha wa Krismasi, tulishika barabara ya Babati kabla ya jua kuwa kali. Njiani lori lilisimama, dereva akasema watoto wapande. Damiano alipanda mbio. Paskalina alikataa: "Ng'ombe akinitafuta?" Ikabidi Damiano ashuke, akinuna. Tulipofika Sigino, kina mama waliokuwa shambani waliuliza ng'ombe ni wa nani.

"Wa bibi," akajibu Paskalina. "Mimi ndiye namkamua."

Tulipita katikati ya mji saa tisa, vumbi mpaka nyusi, na niliinua kichwa changu juu kuliko pembe za ng'ombe yule.

Nyumbani Maisaka, mke wangu alitoka na kichanga kifuani akitegemea kuniona peke yangu. Hakumtazama ng'ombe. "Wote?" akauliza. "Wote," nikasema. Akakaa chini pale pale uani, Damiano akamrukia shingoni.

Majirani wakajaa. Ikafika saa ya kukamua, na ng'ombe, kwa uchovu na ugeni na makelele, akazuia maziwa. Paskalina alijaribu, akajaribu tena. Watu wakaanza kunong'ona. Nikajisogeza nimsaidie, nikisahau Alhamisi.

"Baba," akasema bila kugeuka, "watoe watu. Na wewe nenda ndani."

Nikawatoa. Nami nikaenda ndani, nikafukuzwa uani kwangu na mtoto wa miaka saba, na sijawahi kutii amri kwa furaha kama ile. Tulikaa na mke wangu, tukisikiliza. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha tukasikia sauti yake ndogo ikisemesha, na baada ya muda, maziwa kibuyuni.

Aliingia amekishika kibuyu kwa mikono yote miwili, akampa mama yake kabla ya kumtazama mtu mwingine yeyote. Mama yake akanywa mpaka nusu, machozi yanamtoka, na Paskalina akasubiri. "Maliza, mama," akasema.

Nilichojifunza ni hiki: nilisafiri kwenda kupunguza midomo nyumbani kwangu, kumbe mmoja wa midomo hiyo ulikuwa na mikono. Kichanga alishiba na kunenepa. Na tangu Krismasi ile, mtu akipotea Maisaka akiulizia kwa fundi, huelekezwa, "Aa, unatafuta kwa Paskalina." Hata mimi nikiulizwa ninakaa wapi, hujibu hivyo hivyo.